Kuachwa Si Kufutwa

Kalemie, Kataki
11 Februari 2024

Ndugu yangu Twahiri,

Assalamu alaikum. Salamu nakupa kwa sababu dini imeniamuru, si kwa sababu moyo umependa. Sisi huku tu wazima. Mvua haikatiki, ziwa limepanda mpaka kwenye ua wa majirani wa chini, ndagala za wavuvi zinaoza badala ya kukauka. Mkanda wa cherehani yangu ulikatika, nimepata mwingine. Mama anakula, analala. Binti yako Aisha yuko darasa la pili na ameota meno mawili ya mbele. Hukuuliza, lakini nakuambia.

Usihangaike kupiga simu, namba yako nimeifunga. Maneno ya simu yanafutika, na wewe umekuwa bingwa wa kufuta. Kuanzia leo tutaandikiana. Barua hii anaileta Mardochée kwa boti lake la mizigo mpaka Mpulungu, na kutoka huko itapanda basi kuja Lusaka.

Sasa sikiliza yaliyotupata Jumapili iliyopita.

Mwezi wa kumi ulinipigia simu, mimi dada yako mkubwa, ukasema, "Yaya, karatasi za talaka zinakuja." Nilimpelekea mkeo habari hiyo mwenyewe. Adija hakulia. Miaka sita mume yuko Lusaka, haji wala hamwiti, atalia nini? Aliingia edani siku hiyo hiyo, akakaa miezi mitatu kamili, hatoki ila kwa lazima. Eda ilipokwisha akaja mposaji: Abdoul-Karim, fundi wa mtambo wa umeme wa Bendera, mtu mzima aliyefiwa na mke. Wazee wake sita walishuka kutoka Bendera, wakaketi kwenye mkeka wa Adija, mjomba wake Adija akiwa mbele yao. Mimi nilipika chai na maandazi. Walikuwa na ombi moja tu.

"Tunaomba karatasi ya talaka," mkubwa wao akasema. "Tu karatasi, juu mutoto wetu asioe muke wa muntu."

Adija akainuka anacheka. Akafungua sanduku, akatoa ile karatasi ya Kiingereza uliyomtumia kwa mkono wa Mardochée, yenye muhuri mwekundu. Alikuwa ameikunja ndani ya kitambaa safi, akaiweka mbele ya wazee kwa mikono miwili. Kwa kuwa hakuna aliyejua Kiingereza, nilimwita Odile, jirani yetu mwalimu, yule aliyekuwa akitafsiri kwa watu wa misaada kule kambini Katanika.

Odile akasoma kimya. Akarudia. Nikamwambia, "Soma kwa sauti, mwalimu, wazee wanangoja."

"Mama Djamila, nisome yote?"

"Yote."

"Hii haiko talaka," akasema. "Twahiri anaomba tribinali, ile korti ya kule, iseme hawakuoana ata siku moja. Anasema ile siku ilikuwa karamu ya jamaa tu."

Sikio langu lilikataa. Yule mzee wa Bendera akaweka kikombe chini polepole. "Sasa ule mutoto njo wa nani?" Nashukuru Mungu Aisha alikuwa madrasa.

Halafu Odile akafunua ukurasa wa pili, na huko kulikuwa na jina langu. Mimi, Djamila binti Abedi, naapa kwamba nilikuwepo siku ile na sikuona ndoa. Mimi! Mimi niliyebeba sinia la mahari kichwani kutoka kwetu mpaka kwa akina Adija, Msahafu juu yake na kitambaa cha kijani, Kataki nzima ikipiga vigelegele! Watu wote mkekani walinigeukia. Mjomba wa Adija akaniuliza taratibu, "Mama, njo wewe ulisaini hii?" Nikasema ndiyo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Karatasi ile uliniletea mwezi wa tisa, na juu yake ulibana kikaratasi cha Kiswahili: "Yaya, saini hapa, ni mambo ya talaka, Adija apate kuwa huru." Nilisaini kwa kumwonea huruma yule mwanamke. Niliinua mkono nikaapa mbele ya afisa mmoja ambaye Kiingereza chake hakizidi changu. Umeniapisha uongo, Twahiri, mimi niliyekubeba mgongoni.

Wazee wamerudi Bendera. Wamesema tukipata karatasi inayosema Adija ni mtalaka, watashuka tena. Basi nataka kitu kimoja kwako. Shika kalamu, andika kwamba ulimwoa Adija binti Ramazani na sasa umemwacha. Mistari miwili na saini yako. Sitaki kingine.

Dada yako, bado,
Djamila


Lusaka
10 Machi 2024

Yaya Djamila,

Waalaikum salaam. Natumaini barua hii itawakuta wazima na Ramadhani njema. Mimi mzima. Kazi ya kutengeneza mafriji inaendelea, joto la mwaka huu limetuletea wateja. Mama hajambo? Mguu wake ule? Mwambie namkumbuka kila siku.

Yaya, nimesoma maneno yako na nimeumia. Sikutaka uaibike mbele ya watu. Nani alimwambia Adija atoe ile karatasi hadharani? Ilikuwa taarifa yake ya korti, alitakiwa aiweke tu. Lakini hasira yako inatokana na kutoelewa, kwa hiyo nakueleza kwa utulivu.

Nilipofika hapa mwaka 2018, kwenye fomu ya ukaazi kulikuwa na swali: umeoa? Mtu aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akaniambia, andika hapana. Ukiandika ndiyo watakuuliza mke yuko wapi, faili lako litalala humo mpaka uzeeke. Nikaandika hapana. Nilikuwa na njaa, Yaya, na nilikuwa na nguo niliyovaa tu.

Sasa kuna maneno mawili ya Kiingereza ambayo hata wenyeji wa hapa huyachanganya. Moja ni divorce, la pili ni annulment. Watu hudhani yote ni kuachana. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka wakili akanikalisha. Alisema divorce ni watu wawili kutoka ndani ya nyumba na kufunga mlango. Annulment ni korti kutamka kwamba nyumba hiyo haikujengwa kamwe. Unaona? Nikichukua divorce, nakiri kwamba nilikuwa na mke. Nikikiri, basi fomu yangu ni ya uongo na wanaweza kunirudisha. Nikipata annulment, nilichoandika kinakuwa kweli na kila kitu kinabaki safi. Korti itamaliza tarehe 19 Agosti.

Mtoto hana tatizo. Wakili amesema kwa sheria ya hapa Aisha anabaki mtoto wangu hata hivyo.

Ile mistari miwili siwezi kuandika. Ikimfikia mtu yeyote, kesi imekufa na mimi pamoja nayo. Mwombeni sheikh aandike yeye kwamba tumeachana, huko kwetu si maneno tu? Na huyo Abdoul-Karim, kama anampenda kweli, karatasi ya nini?

Nina mipango yangu ambayo siwezi kuieleza yote. Nivumilie. Fungua simu tuongee kama ndugu.

Mdogo wako,
Twahiri


Kalemie
21 Aprili 2024

Twahiri,

Barua yako imefika siku ya pili ya Idd. Maji ya ziwa sasa yameingia kwenye nyumba za chini, watu wamehamisha vitanda, nasi tumepokea familia moja kwenye kibaraza. Mama anakula, analala. Simu sifungui.

Nyumba haikujengwa! Hayo umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe, tena unasema "kwa utulivu". Na Aisha alizaliwa wapi, kwenye mvua? Kataki nzima ilikula wapi pilau ile? Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wewe umekuja na jipya: lililokuwepo halikuwepo.

Umenifundisha tofauti ya maneno mawili ya Kiingereza. Asante, mwalimu. Nimeelewa vizuri sana, usidhani dada yako ni mjinga. Sasa na mimi nikufundishe jinsi maneno hayo yanavyoishi huku.

Mwanamke akiachwa, huku kwetu si aibu. Shangazi yetu wa Kongolo aliachwa mara mbili, na akafa akiwa kiongozi wa wanawake wa msikiti. Mtalaka aliombwa kwao, alitolewa mahari, aliishi na mume, yakaisha. Anajulikana alikotoka, na mwingine akimtaka anabisha hodi. Lakini mwanamke ambaye ndoa yake haikuwepo, ile miaka yote alikuwa akifanya nini ndani ya nyumba ya mwanamume? Hivyo ndivyo wanavyouliza kwenye bomba la maji, Twahiri, na wanauliza Adija akiwa hapo hapo na ndoo yake.

Unaniambia mtoto hana tatizo kwa sheria ya Lusaka. Sheria ya Lusaka haikai Kataki. Juzi Aisha ametoka madrasa, amesimama mbele ya cherehani yangu, hakuvua hata mtandio. Akaniuliza, "Shangazi, banasema mi niko mutoto wa karamu. Njo nini?"

Nilishindwa kukanyaga cherehani. Nilimwambia ni watoto wapumbavu, nikampa andazi. Nimekuwa mwongo kwa mtoto pia, kwa ajili yako.

Kwa sheikh nilikwenda, kama ulivyonishauri kwa dharau yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, mi siwezi kuacha muke wa mwengine. Mwenye kuoa njo mwenye kuacha." Talaka si barua ya serikali ya mtaa ambayo anaandika yeyote mwenye muhuri. Bila neno lako Adija amefungwa: mbele ya Mungu ni mke wako, na mbele ya watu hakuwahi kuwa mke wa mtu. Hakuna mlango uliomwachia.

Abdoul-Karim amenituma nikuambie hana ugomvi nawe. Yeye angengoja hata miaka miwili. Lakini wazee wake wamempa mpaka mwezi wa nane, baada ya hapo wanamchumbia mwingine huko huko Bendera.

Na huyo mwanamke wako jina lake nani? Usijifanye hujasikia. Hakuna mwanamume anayehangaika kiasi hiki kuonekana hajaoa kwa sababu ya fomu ya miaka sita iliyopita peke yake.

Andika ile mistari miwili.

Djamila


Lusaka
19 Mei 2024

Yaya,

Salamu kwa wote. Barua imefika, niko na kazi nyingi. Hujanijibu kuhusu mguu wa Mama.

Jina unalouliza haliwahusu. Subirini Agosti. Korti ikishamaliza, nitaangalia namna ya kumtafutia Adija karatasi nyingine. Nimeeleza mara moja, sielezi mara mbili. Msinisumbue.

Twahiri


Kalemie
9 Juni 2024

Twahiri,

Unauliza mguu wa Mama. Nimekuwa nikikuandikia kwamba anakula na analala kwa sababu sikutaka ujue anakula wapi na analala wapi. Sasa jua. Mama hayuko kwangu. Ile Jumapili ya wazee wa Bendera alikunja mkeka wake, akachukua birika lake la udhu, akahamia kwa Adija. Nilimzuia mlangoni. Akaniambia, "Mi mwenyewe nilienda kuomba huyu binti kwa wazazi yake. Kama hapakuwa ndoa, basi nilimwiba." Tangu siku hiyo hajarudi. Mguu umevimba, hawezi kukanyaga vizuri, na anayeukanda kwa maji ya chumvi kila asubuhi ni Adija, yule ambaye hukumwoa.

Karatasi nyingine baada ya Agosti! Korti ikishasema hukuwahi kuwa na mke, utamwandikia talaka mke gani? Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba maneno yale mawili hayakai nyumba moja. Unanidanganya kwa somo ulilonifundisha wewe.

Baba yetu Abedi alikuwa mkali, Mungu amrehemu, na alipomwacha mama mdogo, mke wake wa pili, sisi sote tulilia. Lakini alimwita mbele ya watu, akamwambia usoni, kisha akamsindikiza kwao na mizigo yake yote, mpaka na kuku wake. Mwanamume akichoka na mke humwacha. Mwoga ndiye anayekana kwamba alikuwa naye. Kuoa uliweza na ngoma, na watoto mbele juu ya farasi wao wa mbao, kuacha unataka kufanya umejificha chini ya meza ya wakili. Hata kuacha hujui. Nashukuru Baba hayupo kuona.

Djamila binti Abedi


Lusaka
7 Julai 2024

Djamila,

Sina salamu leo.

Mwoga? Unaniita mimi mwoga, wewe unayelala kwenye nyumba aliyoijenga Baba, ukifungua dirisha unaona ziwa? Unajua nini wewe kuhusu Lusaka? Miaka miwili nililala nyuma ya duka, juu ya maboksi ya mafriji. Nilipougua malaria hakuna hata mmoja wenu aliyejua. Aliyenipikia uji ni mtu asiyejua Kataki iko wapi, na hakuniuliza fomu yangu inasema nini. Ndiyo, yupo, na nataka kumwoa. Mmefurahi? Na hajui habari ya Adija wala ya mtoto. Nitamwambiaje leo, baada ya miaka mitatu? Nikisema nampoteza. Nikinyamaza, dada yangu ananitukana na mama yangu mzazi ananihama. Nichague nini?

Na unamtaja Baba! Usinitajie Baba! Mimi kuacha sijui? Ulitaka niseme, basi nasema, kwa herufi kubwa kama unataka. Nilimwoa Adija binti Ramazani, Ijumaa, mwaka 2016, kwa ngoma na kwa mahari, wewe ukibeba hilo sinia lako usilochoka kulitaja. NILIMWOA NA NIMEMWACHA. Nimemwacha tangu ile siku ya mwezi wa kumi nilipokupigia simu, nilipokata simu nilitamka peke yangu dukani: nimemwacha. Talaka yake anayo tangu siku hiyo. Aolewe Bendera, aolewe Kongolo, aolewe na amtakaye, sina dai naye! Haya, mwoga ni nani?

Mtoe Mama katika nyumba ile. Siwezi kuvumilia mama yangu anakandwa mguu na mtu ambaye mimi nimemwacha.

Barua hii ukishaisoma ichome moto. Nakuambia ichome. Unajua kwa nini.

Twahiri


Kalemie, Kataki
11 Agosti 2024

Ndugu yangu Twahiri,

Assalamu alaikum. Leo salamu nakupa mwenyewe, bila kuamriwa. Maji ya ziwa yameshuka, ile familia ya kibarazani imerudi kwao kutoa matope. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, juzi alitembea mpaka mlangoni na kurudi. Aisha amepanda darasa.

Barua yako ilifika tarehe 21 Julai. Nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini sakafuni. Kwa uji ule na kwa yale maboksi, nilikulilia, na nisingependa ufikiri dada yako ana jiwe kifuani. Ungeniambia tangu zamani. Kisha nikarudi kwenye ukurasa wa pili nikausoma tena, na tena, nikamwita Odile asome, nione kama macho yangu yananidanganya.

Sikuichoma.

Nililishusha lile sinia kutoka juu ya kabati. Nikalisugua, nikaweka barua yako katikati, nikaifunika kwa kitambaa kile kile cha kijani, nikalitia kichwani. Nilipita njia ile ile niliyopita mwaka 2016, mchana kweupe, mbele ya bomba la maji. Wanawake wakaniuliza, "Mama Djamila, kuko posa tena?" Nikawajibu kwa sauti, "Hapana. Kuko talaka." Wakaacha ndoo zao.

Sheikh nilikuwa nimemwomba angoje kwa akina Adija; aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama mkono ni wako. Mardochée na mjomba wa Adija walikuwepo, wakasema wanaujua. Akaiweka ile barua magotini. Nilikuwa nikiogopa jambo moja, kwamba atasema eda ianze leo, na mwezi wa nane ndio huo umefika. Akahesabu kwa vidole tangu ile siku ya mwezi wa kumi uliyoitaja mwenyewe. "Mume ameikubali siku," akasema, "na muke aliikaa. Ile eda haikukuwa ya bure." Akaandika cheti, akatia muhuri wa msikiti. Adija aliposomewa, alikaa chini akalia kilio ambacho hakukilia mwaka mzima.

Watu husema hasira hasara. Nakuapia sikukuita mwoga kwa hila ili uandike. Nilikuita mwoga kwa sababu nilikuwa naona hivyo, na bado naona. Lakini hasira yako imefanya kitu ambacho huruma yako ilishindwa kufanya.

Sasa nakuambia ambalo hutalipenda. Wiki iliyopita Mardochée ameondoka na bahasha ya kupeleka korti yenu. Ndani hakuna barua yako. Barua yako ni ya Adija, imo sandukuni mwake, na haitoki. Ndani kuna ukurasa mmoja wangu ambao Odile ameuweka kwa Kiingereza: kwamba niliapa nisichokijua, na kwamba niliyoyaona siku ile ni ndoa, na mahari niliibeba mimi. Basi. Nimeandika nikilia, lakini nimeandika. Kuapa uongo bila kujua, Mungu atanisamehe. Kubaki nao nikijua, nitamjibu nini? Najua kinachoweza kukupata kwa sababu ya ukurasa huo. Ukirudishwa, chumba chako kipo, Mama yupo, na kuna mtoto ambaye amekusahau sura lakini jina lako analiandika kwenye kila daftari.

Huyo aliyekupikia uji, mwambie wewe kabla korti haijamwambia. Sina ugomvi naye. Mwanamke aliyempikia mgonjwa bila kuuliza maswali, siku moja naye asije akaambiwa hakuwahi kupika.

Wazee wa Bendera walishuka tena. Juzi Ijumaa, baada ya swala, Abdoul-Karim amemwoa Adija. Nilikaa naye nyuma ya pazia, Mama upande wa pili. Sheikh akauliza kutoka sebuleni, kama wanavyouliza, "Huyu ni binti au mtalaka? Binti kimya yake inatosha. Mtalaka sharti aseme mwenyewe." Mjomba alifungua mdomo amjibie. Adija akamtangulia.

"Mtalaka!" akasema, mpaka waliokuwa barabarani wakasikia. "Mtalaka wa Twahiri mwana wa Abedi. Na nimekubali."

Sijawahi kuona mwanamke akilitamka neno hilo huku amenyoosha shingo. Vigelegele nilivianza mimi.

Jioni Aisha akanijia jikoni, hina mpaka viwiko. "Shangazi, basi ndoa ya Papa na Mama ilikuwepo?"

Nikamwambia, "Ilikuwepo, mama. Iliisha."

Akafikiri kidogo. "Sawa," akasema, akaenda kucheza.

Hasira yangu haijaisha, usijidanganye. Lakini simu nimeifungua.

Dada yako,
Djamila binti Abedi,
aliyekuwa wifi yake Adija